Simu ya dola 1,200 hapa Lubumbashi: tunalipia nini hasa?

MwanaKamalondo (mwanzilishi wa uzi):

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila ushabiki wa chapa. Katika maduka ya katikati ya jiji letu, na hata katika vibanda vya soko la mtaa wetu wa Kenya, simu za daraja la juu huuzwa kwa dola, na kila toleo jipya linapotoka tunaambiwa kwamba bei imepanda. Ninawafahamu watu waliopokea zamu yao ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, wakaipeleka yote kwa muuzaji wa simu. Sitaki kumcheka yeyote, kwa kuwa fedha ni zao. Ninachotaka tukipime ni kama kile wanachokipata kinalingana na kile wanachokitoa.

Tuanze na bei zenyewe. iPhone ya kwanza iliingia sokoni Marekani mwaka 2007 kwa dola 499 na 599, tena kwa sharti la mkataba wa miaka miwili na kampuni ya mawasiliano. Mwaka 2017 iPhone X iliuzwa kuanzia dola 999, na dunia nzima ikashangaa. Mwaka uliofuata XS Max ilianza kwa 1,099. Samsung nao hawakubaki nyuma, maana Galaxy Fold ya 2019 ilitoka kwa dola 1,980, na Galaxy S20 Ultra ya 2020 kwa 1,399. Kisha mwaka 2025 iPhone 17 Pro Max yenye hifadhi ya terabaiti mbili ikawekewa dola 1,999. Hizo ni bei za Marekani kabla ya kodi ya mauzo. Simu ikifika kwetu imekwisha kupita Dubai, forodha, na mikono kadhaa ambayo kila mmoja umechukua chake.

Hoja yangu ni hii: anayenunua simu hiyo hapa analipa bei kamili, mara nyingi zaidi ya kamili, kwa kifaa ambacho sehemu yake kubwa haitamfanyia kazi akiwa hapa. Huduma ya kuomba msaada wa dharura kupitia satelaiti, iliyoanza na iPhone 14 mwaka 2022, haijafunguliwa kwa nchi yetu ya Kongo. Apple Pay haipo kwetu, na sisi malipo yetu yanapita M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, ambazo hufanya kazi hata kwenye kisimu cha vitufe. Apple haina duka lake lolote rasmi katika bara zima la Afrika, kwa hiyo garanti tunayoambiwa dukani mara nyingi ni neno la muuzaji tu. Akili mnemba wanayoitangaza kwa mbwembwe haizungumzi Kiswahili katika lugha ilizotangaziwa na Apple. Antena za 5G ya kasi ya juu kabisa zimewekwa kwenye iPhone za soko la Marekani peke yake. Ukiyatoa hayo yote, kinachobaki ni kamera nzuri, kioo kizuri, chipu yenye nguvu, na heshima ya kuiweka mezani.

Kamera na kioo ni vitu vya kweli, sivikatai. Swali ni kama vinastahili dola mia nane au elfu moja zaidi ya simu ya kawaida iliyo nzuri. Karibuni.

Takwimu_UNILU:

Kaka, mjadala wako ni mzuri, lakini hiyo orodha ya bei inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Dola ya 2017 si dola ya leo. Ukizingatia mfumuko wa bei wa Marekani wenyewe, ile 999 ya iPhone X ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 1,200 mwaka 2024, na bado mwaka huohuo iPhone 16 Pro ilianza kwa 999 ileile. Kwa hiyo katika ngazi hiyo bei halisi ilishuka kwa miaka saba mfululizo bila sisi kugundua. Samsung nao walipandisha na kushusha: Galaxy S21 ya 2021 ilianza kwa dola 799, chini ya ile ya mwaka uliotangulia.

Kilichopanda hasa ni dari. Kampuni zimeongeza matoleo ya juu zaidi, Ultra, Pro Max na za kukunjwa, ili mwenye fedha nyingi asikose mahali pa kuzitumia. Mteja wa kawaida akiangalia dari hilo anadhani soko lote limepanda pamoja nalo.

Hata hivyo nakubali kwamba hesabu hiyo inamfariji Mmarekani ambaye mshahara wake nao umepanda. Mwalimu wa hapa mtaani Katuba anayelipwa kwa faranga hanufaiki chochote kwa kuambiwa kwamba bei halisi imeshuka huko Chicago.

Fundi_Sokoni:

Mimi ninazifungua hizi simu kila siku, kwa hiyo nitasema ninayoyaona mezani kwangu.

Kwanza, jambo ambalo wateja wengi wanalijua baada ya kulipa. Tangu 2022, iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, kuanzia toleo la 14, hazina kabisa nafasi ya kuweka kadi ya SIM, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini inayosajiliwa ndani ya simu bila kadi. Mtu analetewa zawadi na shemeji yake kutoka Texas, anakuja kwangu akiomba nimtafutie tundu la kadi, nami sina la kumtoboa. Mwaka 2025 hali ilizidi kuwa nzito, kwa sababu iPhone 17 zinazouzwa rasmi katika Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar na majirani zao nazo ni za eSIM tu. Wote tunajua kwamba sehemu kubwa ya simu zetu hupitia Dubai. Kabla ya kutoa hata dola moja, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako hapa mjini uulize kama wanatoa eSIM, na kama wanaitoa kwa aina ya simu unayoitaka.

Pili, matengenezo. Kioo halisi cha simu ya daraja la juu ni cha aina ya OLED, na bei yake peke yake inaweza kununua simu nyingine mpya ya kawaida. Wateja wengi hukwepa gharama hiyo kwa kuchukua kioo cha kuiga cha aina ya LCD, ambacho ni kinene, rangi zake zimefifia na kinakula betri. Hapo simu ya dola 1,200 inaanza kuonyesha picha duni kuliko ya dola 200. Simu za Apple hutambua kipuri ambacho hazikuzaliwa nacho na kuandika onyo kwenye mipangilio. Tangu mfumo wa iOS 18 wa 2024 Apple wamelegeza kidogo, ili kipuri halisi kilichotoka kwenye simu nyingine kiweze kusajiliwa, lakini lazima kiwe halisi na kisiwe kimetoka kwenye simu iliyoibwa. Ile sifa ya kutoingiza maji nayo hupotea mara simu inapofunguliwa nje ya karakana yenye vifaa vinavyofaa, na hata ikiwa mpya, garanti ya Apple haigharimii uharibifu wa maji.

Tatu ni umeme. SNEL, shirika letu la umeme, wakikata na kurudisha kwa ghafla, volti hupanda na kushuka, na anayechajia kwa shaja ya kuiga ya mtaani anaua saketi ya kuchajia. Hapo bei ya simu haisaidii kitu. Ya dola 1,200 inakufa sawasawa na ya dola 90, tofauti ni kilio.

Mpigapicha_wa_Harusi:

Salaam kwenu nyote. Naona uzi huu unaelekea kutuhukumu sisi tulionunua, basi niutetee upande wangu.

Ninapiga picha na video za harusi, komunyo na sherehe za kuhitimu. Nilikuwa na kamera kubwa, na bado ninayo, lakini siku hizi wateja wanataka video fupi ya kusimama wima iwe tayari kwenye simu zao kabla keki haijakatwa. Ukumbi ni wa giza, taa za DJ zinawaka na kuzimika, bibi harusi anacheza. Simu ya kawaida hapo hutoa ukungu na kelele za rangi. Simu yangu hutulia, haitetemeki, na sura za watu weusi hazigeuki kuwa majivu. Deni lake lilikwisha ndani ya msimu mmoja wa harusi. Halafu kuna jambo ambalo MwanaKamalondo hakuligusa: nikiiuza leo, kuna mtu atainunua leo hii. Simu ya bei ndogo ikikaa mwaka mmoja hakuna anayeiuliza.

Pia naomba tusisahau muda wa masasisho. Google walianza na Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwaka 2024, wote wakiahidi miaka saba ya masasisho ya mfumo na ya usalama. Apple hawakuwa na mazoea ya kuahidi kwa sauti kubwa, lakini XS Max ya 2018 iliendelea kupokea mifumo mipya hadi iOS 18, ikaachwa iOS 26 ilipotoka Septemba 2025. Gawanyeni bei kwa miaka saba kabla ya kutucheka.

MwanaKamalondo:

Dada, hakuna anayekuhukumu. Wewe unanunua kifaa cha kazi, na kifaa cha kazi hupimwa kwa kazi inayokiingizia fedha. Kama simu inajilipia ndani ya msimu, mjadala wako umekwisha na sina la kupinga. Mwashi hapangiwi anunue mwiko gani wa kujengea.

Lakini hoja ya masasisho, ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa ngao kubwa ya simu za gharama, imepungua nguvu. Mwishoni mwa 2024 Samsung walitoa Galaxy A16 na kuahidi miaka sita ya masasisho, na toleo lake la 5G liliuzwa Marekani kwa dola 199.99. Mwaka mmoja tu chini ya miaka saba, kwa bei iliyo karibu na moja ya sita. Hata A56 ya 2025 imeahidiwa miaka sita.

Tuifanye hiyo hesabu ya kugawanya. Chukua simu ya dola 1,200, uitumie miaka mitano, kisha uiuze kwa dola 250: umetumia dola 190 kwa mwaka. Chukua ya dola 200, itumie miaka minne hadi ife kabisa bila kuuzwa hata senti: umetumia dola 50 kwa mwaka. Tena hapo nimemfadhili mwenye simu ya gharama, kwa kudhani kwamba haitaibwa, haitadondoka ndani ya teksi, wala haitabadilishwa kioo hata mara moja katika miaka yote mitano. Nani kati yetu ana bahati hiyo?

Fundi_Sokoni:

Hesabu yako ni sahihi ila ina pengo moja. Masasisho ya miaka sita kwenye simu yenye RAM, ile kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya gigabaiti 4 ni ahadi ambayo mwili utaishindwa. Programu zinanenepa kila mwaka. Mwaka wa nne hiyo A16 itafunguka, lakini mwenyewe utakuwa umechoka kuisubiri. Anayeweza aichukue yenye RAM ya 6 au 8, ongezeko la bei ni dogo na linarudisha miaka miwili ya utulivu.

Mkaaji_wa_Kolwezi:

Mimi nina swali ambalo linanikera tangu zamani. Kobalti inatoka hapa kwetu. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani ni ya Kongo, na tunaona malori yakipita usiku na mchana kuelekea mpakani Kasumbalesa. Serikali ilisimamisha usafirishaji wake Februari 2025, kisha Oktoba ikaruhusu kwa mgao, na bei ya kobalti ikapanda zaidi ya mara mbili. Je, si ndiyo sababu simu zinapanda? Na kama ndiyo, kwa nini sisi wenye madini tununue kwa bei kubwa kuliko wasio nayo?

Takwimu_UNILU:

Ndugu wa Kolwezi, ningetamani iwe hivyo, maana tungekuwa na nguvu ya kujadiliana. Betri ya simu ina gramu chache tu za kobalti. Hata baada ya bei kupanda mara mbili na zaidi, kobalti iliyomo ndani ya simu moja haifikii thamani ya dola moja. Kwa gari la umeme lenye betri ya kobalti ongezeko hilo linaonekana. Kwa simu halionekani. Hata Apple wenyewe walitangaza mwaka 2023 lengo la kutumia kobalti iliyorejelezwa peke yake katika betri wanazozibuni ifikapo 2025, kwa hiyo utegemezi wao kwetu unazidi kupungua kadiri simu za zamani zinavyoyeyushwa.

Gharama kubwa ya simu ya juu iko kwingine. Iko katika chipu zinazotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 3 na kiwanda cha TSMC cha Taiwan, katika kioo, katika moduli za kamera, na zaidi ya hapo katika utafiti, matangazo na faida. Faida ya Apple si siri, wanaichapisha kila robo ya mwaka.

Swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, lakini jibu lake halimo katika bei ya simu. Limo katika ukweli kwamba tunauza udongo na kununua kifaa, na katikati yake kuna viwanda ambavyo havipo Likasi wala Kolwezi. Hilo tulifungulie uzi wake, tusiuzamishe huu.

Bukavu_Ziwani:

Nasoma kutoka huku Kivu. Niwape sura nyingine ya jambo hilihili. Tangu mwanzoni mwa 2025 benki zilipofungwa Goma na hapa Bukavu, simu imekuwa ndiyo benki yetu. Mshahara wa mtu, ada ya shule, msaada wa ndugu aliye Kinshasa, yote yanapitia humo. Ungedhani basi kwamba tutazitaka simu za gharama kubwa zaidi. Imekuwa kinyume. Watu wenye akili huku wanaweka laini ya fedha kwenye kisimu cha vitufe kinachokaa na chaji siku nyingi, ambacho hakuna atakayekutolea silaha ili akichukue, na ile kubwa ya picha na WhatsApp inabaki nyumbani. Kutoa simu ya dola elfu moja barabarani ni kutangaza mfukoni mwako. Hata wewe Lubumbashi, MwanaKamalondo, ungepaswa kuihesabu hofu hiyo ndani ya bei.

Mama_Ruashi:

Wanangu, mmejadili kwa elimu nyingi, lakini hamjagusa kinachowafanya vijana wanunue. Mimi nauza vitenge. Mteja akija na mimi nikatoa simu iliyopasuka kioo ili nimwonyeshe rangi, ananipunguzia bei kabla sijafungua mdomo. Nikitoa simu safi, anajua kwamba nina mtaji na kwamba mzigo wangu unafika. Kwa hiyo heshima ya kuiweka mezani, ambayo mwenye uzi ameitaja mwishoni kana kwamba ni makombo, ina bei yake sokoni na mimi nimeiona ikilipa.

Lakini heshima hiyo haidai simu ya mwaka huu. Hakuna mteja wangu anayeweza kutofautisha toleo la mwaka huu na la miaka mitatu iliyopita likiwa ndani ya kava. Kijana wangu wa chuo ananidai mpya kabisa, namwambia nitamnunulia iliyotumika, naye ananuna. Nimeona moja inauzwa dola 420 mjini, iPhone ya Pro, haijapasuka popote. Fundi, nichukue?

MwanaKamalondo:

Mama, nakupa haki yako, nililipita jambo la heshima haraka mno. Na ulivyolimaliza ndivyo ninavyoona mimi pia: simu ya daraja la juu inayostahili kununuliwa hapa kwetu ni ile ambayo mtu mwingine amekwisha kuilipia upya wake. Sehemu kubwa ya thamani huporomoka ndani ya miaka miwili ya kwanza, wakati kamera na kioo vinabaki vilevile. Hofu yangu ni moja tu, kwamba soko la simu zilizotumika limejaa mitego, na hapo namwachia fundi.

Fundi_Sokoni:

Mama, shikamoo. Kabla ya kujibu, niseme neno kwa wanaosubiri bei zishuke. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za kumbukumbu imepanda kwa kasi, kwa sababu watengenezaji wake wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, wanaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Simu ya bei ndogo itaumia zaidi, kwa kuwa kumbukumbu ni sehemu kubwa zaidi ya gharama yake. Anayehitaji simu ya kawaida asiahirishe akitumaini punguzo.

Sasa hiyo ya dola 420. Nenda na kijana wako mchana, siyo jioni. Piga *#06# uone namba ya IMEI, ambayo ndiyo utambulisho wa simu, uilinganishe na iliyo kwenye mipangilio na kwenye boksi kama lipo. Angalia kama ina tundu la kadi, kisha weka laini yako mwenyewe na upige simu, maana zipo zilizofungwa na mtandao wa nje. Fungua sehemu ya betri usome afya yake. Ikiwa chini ya asilimia 80, toa gharama ya betri mpya katika bei. Ikiwa imeandikwa asilimia 100 na simu ina miaka mitatu, betri imebadilishwa, hivyo tazama kwenye ukurasa wa maelezo ya simu kama kuna onyo la vipuri visivyotambulika. Jaribu kufungua kwa uso, kwa sababu hiyo ikiharibika ni nadra itengenezeke vizuri.

La mwisho ndilo kubwa. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na kuiwasha upya hadi itakapokuuliza lugha na nchi. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, imefungwa, na hakuna fundi mwaminifu atakayekufungulia. Akikataa kuifuta kwa sababu yoyote ile, hata akishusha hadi dola 250, irudishe mkononi mwake uje kwangu, nitakutafutia nyingine.

Mama_Ruashi:

Asante, mwanangu. Nilimpigia sasa hivi kabla sijatoka. Amesema hawezi kuifuta kwa kuwa simu ni ya dada yake. Nitakuja Jumamosi na huyu anayenuna.